Jinsi ya Kuiongea kwa Ufasaha Lugha Uliyoibuni Mwenyewe

Waliobuni lugha wengi hawawezi kuziongea. Watakueleza kitenzi kinavyonyambulika, kwa nini yambwa (kinachotendewa) hutangulia na silabi zipi haziruhusiwi, lakini waulize leo wamekula nini, watafungua daftari. John Quijada, Mmarekani aliyeitoa Ithkuil hadharani mwaka 2004, amesema mwenyewe kwamba haiongei kwa ufasaha. Kwake hilo si dosari, maana aliiunda ili aone lugha inaweza kubana maana kiasi gani. Hakuwa anatafuta lugha ya kupigia soga. Mwongozo huu ni wa anayetaka kupiga soga.

Tunachukulia kwamba lugha yako tayari ina orodha kamili ya sauti, sarufi ya msingi na maneno kama mia mbili, na kwamba unaweza kutenga dakika 30 hadi 45 kila siku. Kwa mwendo huo, miezi mitatu inatosha kukufikisha mahali pa kuandika mambo ya kawaida bila kushika kamusi. Kuongea bila kusitasita kunakuja baadaye, kati ya mwezi wa sita na mwaka. Saa nne za Jumapili peke yake hazifanyi kazi hiyo, hata kama kwa hesabu ya wiki zinalingana.

Ugumu wenyewe una sura mbili. Anayejifunza Kifaransa ana redio, magazeti na watu wa kumsahihisha. Wewe huna cha kusikiliza wala kusoma ila ulichokitengeneza. Halafu mwanafunzi anayeshindwa na kanuni ndiye huyo huyo mwenye mamlaka ya kuibadilisha. Hilo la pili ndilo linalowaangusha wengi, kwa hiyo tunaanza nalo.

Hatua ya 1: Ifunge kwa siku 90

Andika juu ya sarufi yako "Toleo 1.0" na tarehe. Kuanzia siku hiyo, kwa siku 90, hugusi sauti, mpangilio wa maneno wala viambishi. Maneno mapya yanaruhusiwa kuingia kwa utaratibu tutakaoueleza, ila lililokwisha kuingia halibadilishwi. Wazo la kurekebisha likikujia, na litakujia kila siku, liandike kwenye ukurasa wake pamoja na sentensi iliyolisababisha, kisha uendelee na kazi. Siku ya 90 utashangaa ni mangapi kati ya hayo huna haja nayo tena.

Sababu ni ya ulimi zaidi kuliko ya akili. Ukibadilisha kiambishi cha wakati uliopita katika wiki ya tano, cha zamani hakifutiki. Utabaki na viambishi viwili vinavyogombania mdomo, na kila ukitaka kusimulia ya jana utasimama kuamua kipi ni kipi. Jambo hili limewahi kuvuruga hata lugha zenye wafuasi. Kivolapük, alichokibuni padri Mjerumani Johann Martin Schleyer mwaka 1879, kilikua haraka kiasi kwamba mkutano wake wa Paris wa mwaka 1889 uliendeshwa kwa lugha hiyo hiyo. Ugomvi wa nani ana haki ya kukirekebisha ukazuka, wafuasi wakagawanyika, na lugha ikapukutika. Zamenhof, aliyebuni Kiesperanto, naye alipendekeza mageuzi mwaka 1894, akayapigisha kura kwa wasomaji wa gazeti la lugha hiyo, wengi wakakataa. Mwaka 1905 misingi yake ikafungwa rasmi kwenye mkutano wa Boulogne-sur-Mer, Ufaransa. Aliyejifunza baada ya hapo alijua anachojifunza hakitahama.

Kabla hujafunga, kagua mambo matatu, maana baada ya hapo utayavumilia kwa miezi mitatu.

Kagua sauti kwa kasi. Chagua maneno 20 magumu, yatamke kila moja mara tatu haraka, na ujirekodi. Sisi tuliozoea silabi za Kiswahili huchomeka irabu penye konsonanti zilizosongamana. Neno *straft* linatoka *sitarafti* kabla hujajua umefanya nini. Rekodi ikionyesha kila mara unachomeka, ama ondoa mrundikano huo sasa hivi ama ihalalishe irabu. Mkazo nao ni hivyo hivyo. Ulimi wetu unakaza silabi ya pili kutoka mwisho, na ukiamua lugha yako ikaze ya kwanza, tenga dakika kumi za mazoezi ya mkazo tu kila siku kwa wiki mbili za mwanzo.

Kagua maneno yanayofanana. Yapange kwa maana, si kwa alfabeti, kisha usome kila kundi kwa sauti. Maneno ya kundi moja yasitofautiane kwa sauti moja tu. Ukiwa na *tena* kwa sita na *tema* kwa saba, utayachanganya maisha yako yote. Lakini *tema* ya saba na *tena* ya kizingiti hazitagombana, kwa kuwa hazikutani.

Kagua idadi ya maamuzi ndani ya kitenzi. Wingi wa viambishi hautishi. *Hatutawapikia* ina ukanushi, mtenda, njeo (wakati), mtendewa, mzizi na kauli ya kutendea, na mtoto wa miaka minne anaitamka akikimbia. Anaiweza kwa sababu viambishi hivyo havibadilishani nafasi, na vingi havimdai uamuzi mpya. Kinachokwamisha ni kitenzi kinachokulazimisha uchague mambo saba ambayo Kiswahili hakikuulizi, kwa mfano umelijua jambo kwa kuona au kwa kusikia, na mtendaji ameketi au amesimama. Kwa kila kiambishi cha namna hiyo, weka hali ya kawaida isiyo na alama, ili ukichoka uweze kunyamaza nacho.

Hatua ya 2: Ipitishe kwenye sentensi za kupimia

Watu hukwama katikati ya maongezi kwa sababu sarufi haijawahi kuulizwa swali fulani. Iulize mapema. Andika sentensi 30 zinazogusa kila pembe, uzitafsiri zote, na usisonge mbele mpaka kila moja iwe na jibu moja tu. Hizi zinatosha kuanzia:

- Sijamwona tangu juzi.
- Alipofika akakuta wenzake wameshakula.
- Ningekuwa na nauli ningekuja.
- Mtu niliyemkopesha baiskeli hajairudisha.
- Ni mrefu kuliko dada yake, ila hanifikii mimi.
- Mwambie asisahau kufunga mlango.
- Kikombe kimevunjika. Mtoto amevunja kikombe.
- Nimemkatia mama kitambaa kwa mkasi wa jirani.
- Sidhani kama wanajua tumehama.
- Bora ungeniuliza kwanza.
- Zimebaki siku tatu au nne hivi, kama sikosei.

Ya pili ndiyo inayoumbua wengi. Ina *-po-* ya wakati, *-ka-* ya kufuatanisha matukio na *-mesha-* ya jambo lililotangulia kukamilika, na mtu aliyejiandalia "uliopita, uliopo, ujao" pekee anagundua kwamba hawezi kusimulia hata safari ya sokoni.

Tuchukue lugha ndogo ya mfano, yenye kitenzi mwishoni, *-ek* ya kuonyesha yambwa na *-un* ya wakati uliopita. *Sim* ni mimi, *tal* ni maji, *nor-* ni kunywa, *mo* ni kikanushi. "Nilikunywa maji" ni *Sim talek norun*. "Sikunywa maji" ni *Sim talek norun mo*. Sasa "sijanywa"? Kiswahili kinatofautisha *sikunywa* na *sijanywa*, na kichwa chako kitadai tofauti hiyo kila siku utake usitake. Una njia mbili, na zote ni halali. Unaweza kuongeza neno dogo, tuseme *ti* lenye maana ya bado (*norun mo ti*), au uamue kwamba lugha haijali tofauti hiyo na muktadha utajieleza. Usichoruhusiwa ni kuliacha wazi, ukawa unaamua upya kila sentensi.

Hatua ya 3: Chagua maneno 500 ya kwanza

Usianze na orodha ya Swadesh, hata kama kila mahali wanaipendekeza. Orodha hiyo ya maneno 207 ilitengenezwa kwa ajili ya kulinganisha udugu wa lugha, na ndiyo maana ina chawa na mkia ila haina simu, pesa wala kazi. Kiklingoni kinatoa funzo jingine. Mwanaisimu Marc Okrand alikiundia filamu za Star Trek, na kamusi yake ya mwaka 1985 ilielemea vita na vyombo vya angani. Baba mmoja wa Kimarekani alipojaribu miaka ya 1990 kumsemesha mwanawe mchanga kwa Kiklingoni, alichokosa ni maneno ya mambo madogo ya nyumbani.

Kwa siku tatu, kila jioni andika kwa Kiswahili uliyoyasema mchana: uliyemwomba chenji, uliyemlalamikia foleni, ulichomwambia mtoto. Orodha ya maneno itoke humo. Mgawanyo unaofaa ni nomino 220, vitenzi 120, vivumishi na vielezi 70, viunganishi, vihusishi na viulizi 50, hesabu na nyakati 25, na vijazo 15.

Vijazo ni *yaani, basi, kumbe, eti, haya, ngoja kidogo, sijui, si ndiyo, halafu, kwa hiyo* na wenzao. Wabunifu karibu wote huvisahau kwa kuwa havina heshima kwenye kitabu cha sarufi. Vijifunze siku ya kwanza, kabla hata ya "mimi" na "wewe". Ukikwama huku unacho kijazo cha lugha yako, unabaki ndani ya lugha. Usipokuwa nacho utasema "yaani", na neno litakalofuata litakuwa la Kiswahili, na sentensi nzima itahamia huko.

Wakati wa kuandika kamusi, tazama vitenzi vyetu vinavyobeba kila kitu. Tunapiga simu, pasi, picha, kelele, magoti na chapa. Tunakula rushwa, kiapo, njama na hasara. Kama lugha yako nayo "inapiga" simu na "inapiga" pasi kwa kitenzi kile cha kumpiga mtu, hujabuni lugha; umekivika Kiswahili sauti nyingine. Katika kila kitenzi cha kawaida andika mistari miwili, mmoja wa sentensi ya mfano na mwingine wa mahali ambapo kitenzi hicho *hakitumiki*. Huo wa pili una kazi zaidi.

Hatua ya 4: Kadi, kwa kiasi

Tumia Anki, programu ya kadi za kukariri, kwenye simu, au sanduku la kadi za karatasi lenye vyumba vitano: cha kwanza unakipitia kila siku, cha pili kila baada ya siku 2, cha tatu 4, cha nne 8, cha tano 16. Kadi uliyoipata inasogea chumba kimoja mbele. Uliyoikosa inarudi cha kwanza, hata kama ilikuwa imefika cha tano.

Upande wa mbele uwe wa Kiswahili au picha, upande wa nyuma lugha yako. Wengi hufanya kinyume kwa sababu ni rahisi zaidi, na matokeo yake wanaitambua lugha yao lakini hawawezi kuitoa mdomoni. Weka sentensi fupi, isizidi maneno saba, badala ya neno pweke. Angalau kadi moja kati ya nne iwe ya picha bila neno lolote la Kiswahili. Jibu kwa sauti kabla ya kugeuza, na jibu lililochukua zaidi ya sekunde tatu lihesabu umekosa hata kama ni sahihi, maana katika maongezi hakuna anayekungoja.

Kadi mpya kumi kwa siku zinatosha. Baada ya wiki chache, marudio yatafika kati ya 70 na 100 kwa siku, yaani kama robo saa. Yakivuka dakika 20, acha kuongeza mpya mpaka yapungue. Anayeanza na kadi 40 kwa siku huona mambo yanakwenda vizuri wiki ya kwanza, kisha rundo linamwelemea na anaacha kabisa.

Hatua ya 5: Andika kila siku bila kamusi

Sentensi tano kwa siku katika wiki mbili za kwanza, kisha kumi. Weka saa ya dakika kumi na ufunge kamusi. Neno ukilikosa, jaribu kwanza kulizunguka kwa maneno uliyonayo: jokofu ni kabati la baridi, shemeji ni ndugu wa mke wangu. Toki Pona, iliyobuniwa na Sonja Lang wa Kanada mwaka 2001, ina maneno kama 120 tu, na wapo wanaoiongea na kuandikiana kila siku kwa kuzunguka hivyo hivyo. Ukishindwa kabisa, acha pengo, piga mstari, na uandike neno la Kiswahili pembeni. Usibuni neno hapo hapo. Neno lililozaliwa kwa haraka huwa halifanani na wenzake, na kesho yake utakuwa umelisahau na kubuni jingine.

Siku moja ya wiki iwe ya kuingiza maneno. Pitia mapengo yote, uchukue yale tu yaliyojitokeza mara tatu au zaidi. Kwa kila moja, tazama kwanza kama kiambishi ulichonacho kinaweza kulizaa kutoka neno lililopo. Mzizi mpya uwe njia ya mwisho. Yasizidi 15 kwa wiki. Baada ya mwezi utaona mapengo yanapungua yenyewe, kwa kuwa umejifunza kuzunguka.

Shajara isiwe tafsiri. Zamenhof, katika barua aliyomwandikia Nikolai Borovko, alieleza kwamba mradi wake ulionekana umekamilika kwenye karatasi, lakini alipoanza kuutumia akalazimika kukata, kubadili na kutupa vingi. Kilichomsaidia zaidi ni kuacha kutafsiri neno kwa neno na kujaribu kufikiri moja kwa moja kwa lugha hiyo. Hapo ndipo ilipoanza kuwa na roho yake. Kipimo cha haraka ni hiki. Chukua ukurasa wa wiki jana, chini ya kila neno andika la Kiswahili, kisha usome mstari wa chini. Ukisomeka kama Kiswahili safi, bado unatafsiri. Anza kwa kuandika vitu vinavyoonekana mbele yako, si mawazo. Chumba, barabara, sahani. Mawazo huja yameshavaa Kiswahili.

Tafsiri nayo ina nafasi yake, ila mara moja kwa wiki na kama zoezi tofauti. Wabunifu wamezoea habari ya mnara wa Babeli (Mwanzo 11:1–9) na hadithi ya Upepo wa Kaskazini na Jua, ambayo wanafonetiki huitumia kuonyesha sauti za lugha mbalimbali. Zifanye mara moja ili uweze kulinganisha na wengine. Baada ya hapo utafaidika zaidi na mapishi ya wali wa nazi, maelekezo ya kufika kwako kutoka stendi, na mabishano ya kundi la WhatsApp la familia.

Hatua ya 6: Jitengenezee cha kusikiliza

Hatua hii ndiyo inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayotenganisha wanaoandika tu na wanaoongea. Kila wiki soma shajara yako kwenye rekoda ya simu kwa dakika tano hadi kumi, kwa kasi ya kawaida, si ya imla. Hifadhi kwa tarehe, usiisikilize kwa wiki tatu. Lazima usahau ulichosema, la sivyo utakuwa unakumbuka badala ya kuelewa.

Wiki tatu zikipita, isikilize mara moja bila maandishi na uandike kwa Kiswahili ulichokipata. Ukikosa zaidi ya sehemu moja kati ya tano, tafuta palipoharibika. Mara nyingi ni maneno mawili yanayofanana, au viambishi vya mwishoni ulivyovimeza. Usijilaumu kumbukumbu kabla hujakagua hayo mawili. Baada ya zoezi hilo rekodi iwe ya kusikiliza unapopika au ukiwa kwenye daladala. Kwa kukata vipande na kupunguza kasi, Audacity inatosha na ni ya bure. Kama sauti za lugha yako hazipo mbali na zetu, programu ya eSpeak NG ina sauti ya Kiswahili inayoweza kukusomea maandishi yako. Sauti ni ya bati, lakini haikusamehei kama unavyojisamehe wewe; itasoma kilichoandikwa. Ikitamka ovyo neno fulani, huenda tahajia yako ina utata.

Hatua ya 7: Ongea, hata ukiwa peke yako

Wanaoongea kinyume, ule mchezo wa maneno wa pwani yetu ulioandikwa habari zake huko Unguja tangu karne ya 19, wanahamisha silabi ya mwisho kuja mwanzo: *kesho* inakuwa *shoke*, *nyumba* inakuwa *mbanyu*, *samaki* inakuwa *kisama*. Msikilize aliyebobea, utaona hahesabu silabi. Maneno ya kawaida ameshayaweka mdomoni yakiwa tayari yamegeuzwa, na anageuza papo hapo yale machache tu asiyoyazoea. Nawe fanya hivyo kwa lugha yako. Andaa virai 60 vilivyo tayari, vya namna ya *sijui kama, nilikuwa nataka, kwa sababu ya, si lazima, ilibidi*, na uvikariri kama neno moja kila kimoja, bila kuvichambua.

Zoezi kuu ni la dakika nne, tatu, mbili. Chagua mada, ongea mbele ya rekoda kwa dakika nne bila maandishi. Pumzika kidogo, useme yale yale kwa dakika tatu, kisha kwa dakika mbili. Mara ya kwanza utatafuta maneno. Ya tatu unayajua, kinachobaki ni kasi. Fanya mara mbili kwa wiki, ukibadilisha mada, na zikifika kama kumi na mbili rudia ya kwanza. Usisimamishe rekoda ukikosea. Siku nyingine, jisimulie mikono yako inachofanya: nakata kitunguu, mafuta yamechemka, nyanya zimebaki mbili. Hesabu chenji na taja namba za simu kwa lugha hiyo, kwa sababu namba ndizo za mwisho kuhama kutoka lugha ya kwanza.

Kila mwezi pima. Tumia picha moja isiyobadilika, ya soko au ya stendi yenye watu wengi, ieleze kwa dakika mbili kwa lugha yako, kisha kwa Kiswahili. Hesabu silabi, si maneno, kwa kuwa urefu wa maneno unatofautiana, na uhesabu vituo vya kimya vilivyozidi sekunde mbili. Ukifika nusu ya silabi zako za Kiswahili, unaweza kuongea na mtu. Ukifika robo tatu huna haja ya kupima tena.

Hatua ya 8: Mtafute wa pili

Mtu mmoja anatosha. Mpe kijitabu cha maneno 300 na sentensi zile 30, usimpe sarufi nzima. Kurasa 80 za maelezo huwakimbiza hata wenye moyo. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp kila siku unafaa kuliko kikao cha mara moja kwa wiki, kwa sababu anaweza kuurudia na wewe unabaki na rekodi. Usimsahihishe zaidi ya kosa moja kwa ujumbe, na akishaelewa au kueleweka, mwache aendelee.

Kuwakusanya wengi ni shughuli ya vizazi. Mkutano mkuu wa dunia wa Kiesperanto umekuwapo tangu 1905, na wa kwanza kufanyika Afrika ulikuwa wa Arusha, Agosti 2024.

Hatua ya 9: Siku ya 90, fungua kwa uangalifu

Sasa leta ukurasa wa marekebisho, rekodi zako na shajara, uyapange makosa utakayoyakuta humo mafungu matatu.

Kosa linalotokea leo hivi na kesho vile ni la mazoezi, liongezee kadi. Kosa linaloelekea Kiswahili likatae hata likiwa la kudumu. Katika lugha yetu ya mfano, ukijikuta unasema *Sim norun talek*, hiyo ni Kiswahili kinarudisha kitenzi mahali pake, na ukiihalalisha, mengine yatafuata mlango huo huo. Fungu la tatu ndilo la kusikilizwa: kosa lile lile, kwa mwezi mzima, zaidi ya nusu ya nafasi zake, lisilotokana na Kiswahili. Tuseme unadondosha *-ek* kila yambwa ikiwa kitu kisicho na uhai, unasema *Sim tal norun*. Maji hayawezi kumnywa mtu, kwa hiyo hakuna utata, na ulimi umeliona hilo kabla yako. Iandike kuwa kanuni: *-ek* ni ya watu na wanyama, kwingine si lazima.

Toleo 1.1 lisiwe na mabadiliko zaidi ya matano. Kadi zinazohusika zihariri, usizifute, kisha zirudishe chumba cha kwanza zote kwa siku moja ili zisikushtukize moja moja kwa miezi. Neno lililostaafu libaki kwenye kamusi na alama ya "la zamani" pamoja na tarehe, la sivyo shajara za mwanzo hazitasomeka. Mwenzako naye umtumie orodha ya mabadiliko siku hiyo hiyo. Kama ameshabuni neno lake na wewe ukajikuta umelitumia bila kufikiri, liingize kamusini kama lilivyo, na pembeni uandike kwamba limetoka kwake. Kisha funga tena kwa siku 90.